Charles Alcock, mchezaji wa ridhaa aliyewafungulia mlango wachezaji wa kulipwa

MLETA UZI

Wanajukwaa, naleta kwenu maisha ya Charles William Alcock, na naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu kwa sababu mtu mwenyewe hakuishi maisha ya kuelezwa kwa aya mbili. Wengi wetu tunafahamu kwamba Chama cha Soka cha Uingereza, yaani FA, kilianzishwa London mwaka 1863, na kwamba Kombe la FA ndilo kongwe kuliko mashindano yote ya soka ya ngazi ya taifa. Wachache tunajiuliza ni nani aliyeketi mezani akaandika barua, akapanga tarehe, akatafuta uwanja, kisha siku ya mechi akavaa jezi na kuingia kucheza. Kwa sehemu kubwa alikuwa ni huyu.

Hoja yangu ni moja. Alcock alikuwa mchezaji wa ridhaa, mtoto wa familia yenye uwezo ambaye hakuutegemea mpira kwa chakula chake, lakini ndiye aliyesimama mbele ya watu wa tabaka lake akawaambia kwamba kijana wa kiwandani anayelipwa ili acheze hana kosa la kufukuziwa. Nitafika huko, ila kwanza lazima tumjue alikotoka.

Alizaliwa Sunderland, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uingereza, tarehe 2 Desemba 1842, baba yake akiwa mtu wa biashara ya meli. Familia ilihamia kusini ikakaa Chingford, pembezoni mwa msitu wa Epping, na Charles pamoja na kaka yake John wakapelekwa Harrow, mojawapo ya shule za bweni za watoto wa wenye nafasi. Kila shule ya namna hiyo ilikuwa na mpira wake na sheria zake, kiasi kwamba kijana wa Rugby aliyezoea kuubeba mpira mikononi na kijana wa Eton aliyezoea kuupiga kwa mguu hawakuweza kucheza pamoja kabla hawajabishana kwanza juu ya nini kinaruhusiwa. Mwaka 1859 ndugu hao na wenzao wa shule walianzisha klabu iliyoitwa Forest, kutokana na msitu uliokuwa jirani yao, na tarehe 26 Oktoba 1863, wawakilishi wa klabu za London walipokutana Freemasons' Tavern kuunda FA, John ndiye aliyekaa pale kwa niaba ya Forest. Charles hakuwamo kwenye orodha ya waasisi. Nalisema mapema kwa sababu kuna makala nyingi zinazompa heshima hiyo, ilhali ni ya kaka yake.

Yeye alianza kusikika mwaka uliofuata, Forest ilipozaa klabu ya Wanderers, jina lenye maana ya watu wasiotulia mahali pamoja, ambalo liliwastahili kwa kuwa hawakuwa na uwanja wao. Walicheza Battersea Park, wakacheza kwenye viwanja vya wapinzani, na baadaye wakahamia Kennington Oval, uwanja wa kriketi wa kusini mwa London. Alcock alikuwa mshambuliaji mwenye umbo kubwa, mgumu kuangushwa. Alikuwa nahodha wao na ndiye aliyehangaika kuhakikisha kila Jumamosi wachezaji wanatimia.

FA ya miaka hiyo ilikuwa taasisi dhaifu mno. Klabu wanachama zilikuwa chache, Sheffield walikuwa na sheria zao wenyewe, shule kubwa ziliendelea na mipira yao ya kienyeji, na mwaka 1867 kwenye mkutano mkuu wa chama liliulizwa waziwazi swali la kama kuna haja ya kukiendeleza. Alcock alikuwa ameingia kwenye kamati mwaka 1866. Mwaka 1868 alianza kuhariri kitabu cha kila mwaka cha soka, kilichoorodhesha klabu, rangi zao, viwanja vyao na sheria walizozifuata, na kwa kitabu hicho klabu ya mji mmoja ikaweza kumjua katibu wa klabu ya mji mwingine na kumwandikia. Mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 27, akawa katibu wa FA, kazi aliyoishika kwa miaka 25 na ambayo mwanzoni hakulipwa mshahara.

Sasa tufike kwenye tarehe 20 Julai 1871. Kamati ndogo ya FA ilikutana katika ofisi za gazeti la *The Sportsman*, ambalo Alcock alikuwa akiliandikia, na yeye akatoa hoja kwamba inafaa kuanzishwe kombe litakaloshindaniwa na klabu zote zilizo chini ya chama. Wazo alilitoa Harrow, ambako mabweni yalipambanishwa mmoja dhidi ya mwingine, anayeshindwa anatoka, hadi linabaki bweni moja linaloitwa bingwa wa shule. Kuuchukua mchezo wa mabweni na kuufanya wa nchi nzima kunaonekana jambo jepesi leo, ila kumbukeni kwamba hadi siku hiyo mara nyingi klabu ilicheza na rafiki zake, mechi ikiisha watu wanakula chakula pamoja na kuagana, na wachache walikuwa na sababu ya kusafiri kwenda kupambana na wasiowajua.

Klabu 15 zilijiandikisha. Kombe lenyewe lilikuwa la fedha, dogo, lenye sanamu ya mchezaji juu ya kifuniko, na liligharimu pauni 20. Queen's Park ya Glasgow, iliyokuwa ikicheza karibu maili 400 kutoka London, ilichangia gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja, kwenye ununuzi wake. Mashindano hayo ya kwanza yalikuwa na kasoro nyingi: klabu zilijitoa, nyingine zilipita bila kucheza, na timu zilizotoka sare ziliweza kuruhusiwa zote mbili kusonga mbele. Wanderers wenyewe walifika fainali wakiwa wameshinda mechi moja tu uwanjani. Nusu fainali yao dhidi ya Queen's Park iliisha 0-0, na Waskoti, ambao hawakuwa na fedha za kurudi London kwa marudiano, wakajitoa. Mtu akinyoosha kidole hapo hakosei.

Fainali ilichezwa Kennington Oval tarehe 16 Machi 1872 dhidi ya Royal Engineers, timu ya maofisa wa jeshi iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda. Watazamaji walikuwa kama 2,000, kiingilio shilingi moja. Edmund Cresswell wa Engineers alivunjika mfupa wa bega mapema, na kwa kuwa hapakuwa na mchezaji wa akiba, akabaki uwanjani na maumivu yake hadi mwisho. Bao pekee lilitokana na kazi ya Robert Vidal, aliyewachenga walinzi na kumwachia mpira Morton Betts akafunga. Betts aliandikishwa kwa jina la bandia, A. H. Chequer. Alcock naye aliutia mpira golini lakini bao lilikataliwa kwa sababu mwenzake alikuwa ameushika kwa mkono. Linalonigusa zaidi ni hili: Betts mfungaji, Francis Marindin nahodha wa Engineers, Alfred Stair mwamuzi na Alcock nahodha wa Wanderers, wote wanne walikuwa kwenye chumba kile cha *The Sportsman* miezi minane nyuma. Kombe lilikuwa bado ni jambo la watu wanaofahamiana kwa majina.

Nitaendelea na habari za mechi za mataifa na suala la malipo. Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta uzi, hongera kwa kazi nzuri. Nina maswali mawili. La kwanza, je, huyu bwana alikuwa mchezaji wa kweli, au alikuwa anajipanga mwenyewe kwenye timu kwa sababu kalamu ya kupanga timu ilikuwa mkononi mwake? La pili, mimi nimekuwa nikisoma kwamba mechi ya kwanza ya mataifa ilichezwa Glasgow mwaka 1872, lakini kuna mahali nimekuta England na Scotland walikutana London mwaka 1870. Ipi ni sahihi?

MLETA UZI

Mkuu, nianze na swali lako la pili kwa sababu jibu lake linabeba la kwanza.

Zote mbili zilichezwa. Tarehe 5 Machi 1870 timu iliyoitwa England na timu iliyoitwa Scotland zilikutana Kennington Oval na kutoka 1-1, na kati ya hapo na Februari 1872 zilikutana mara nne zaidi, England ikishinda mara tatu na sare ikiwa moja. Alcock ndiye aliyeziandaa mechi hizo zote. Tatizo ni kwamba kikosi cha Scotland kilijazwa na watu waliokuwa wakiishi London, wengine uhusiano wao na Scotland ukiwa wa mbali kabisa, ndiyo maana mechi hizo hazihesabiwi kuwa rasmi. Alcock hakutaka iwe hivyo. Mwaka 1870 aliandika kwenye gazeti la Glasgow akiwaalika wachezaji wa Scotland wajitokeze. Alipoambiwa kwamba huko wangependa timu yenye watu wengi zaidi, alijibu kwamba wakizidi 11 mchezo unapungukiwa ufundi na kugeuka kuwa mashindano ya kusukumana kwa nguvu. Idadi ya wachezaji 11 kwa mechi za mataifa, ambayo leo hakuna anayeifikiria mara mbili, ilitetewa kwenye barua za magazeti na katibu huyu.

Mwishowe FA iliamua timu ya England isafiri yenyewe, na tarehe 30 Novemba 1872 ikacheza Hamilton Crescent, uwanja wa kriketi uliopo Partick, Glasgow. Scotland iliundwa na wachezaji wa Queen's Park peke yao, wakiongozwa na Robert Gardner. England ilipanga washambuliaji wanane, Scotland sita, na watazamaji wapatao 4,000 waliondoka bila kuona bao. Hiyo ndiyo mechi rasmi ya kwanza. Alcock, ambaye pengine hakuna mtu aliyeitaka mechi ile kuliko yeye, alikuwa ameumia. Unahodha ulishikwa na Cuthbert Ottaway, na yeye akawa pembeni, mmoja wa waamuzi wasaidizi wa siku hiyo.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Kama angekuwa mtu wa kujipanga tu, orodha ya mechi zake rasmi za England ingekuwa ndefu, lakini iko na mechi moja: Scotland, tarehe 6 Machi 1875, Oval, sare ya 2-2, akiwa nahodha na akifunga bao moja. Alikuwa na miaka 32. Nimewahi kuona watu wakiitumia mechi hiyo moja kumdharau kama mchezaji, na naona hawamtendei haki, kwani miaka yake bora ya uwanjani ilipita kabla mechi rasmi hazijaanza kuwapo, na hakuna aliyezianzisha mapema kumzidi yeye.

Kuhusu uchezaji wake, zama zile ufundi ulikuwa ni kuchenga. Mtu alipata mpira, akainamisha kichwa, akakimbia nao hadi aporwe. Alcock alisisitiza kwenye maandishi yake kwamba mchengaji afuatwe kwa karibu na mwenzake, ili mpira ukimponyoka auchukue yule aliye nyuma yake. Haikuwa pasi kama tunavyoielewa. Pasi ziliendelezwa na Queen's Park, na Royal Engineers nao walisifika mapema kwa kucheza kwa kushirikiana. Hata hivyo ilikuwa hatua ya kutoka kwenye mchezo wa mtu mmoja mmoja kuelekea mchezo wa timu, na aliipigania kwa maandishi na kwa miguu.

MCHANGIAJI WA PILI

Mleta uzi, nimesoma kwa makini na kwa heshima, ila kuna jambo umelipita kwa haraka. Huyu mtu alikuwa katibu wa FA. Alikuwa nahodha wa klabu iliyotwaa kombe la kwanza. Alikuwa mwandishi wa gazeti lililoripoti mechi hizo hizo. Na kama sikosei alikuwa pia katibu wa klabu ya kriketi ya Surrey, yenye makao yake Oval, uwanja ambao fainali ilichezewa. Mtu mmoja anaandaa mashindano, anayashinda, anayapokea uwanjani kwake na kuyaandika gazetini. Kwa kipimo chochote cha uongozi bora wa michezo, huo ni mgongano wa maslahi, na nashangaa haukuutaja.

MLETA UZI

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na hukukosea kwenye lolote. Aliteuliwa katibu wa Surrey mwaka huo huo wa 1872, wiki chache kabla ya fainali, na akashika kazi hiyo hadi alipofariki. Kwa hiyo ndiyo, kofia zote ulizozitaja alizivaa kwa wakati mmoja.

Tena nakuongezea ambalo hukulisema. Kanuni ya awali ilikuwa bingwa mtetezi asianze raundi za chini, bali asubiri fainali na awe na haki ya kuchagua uwanja. Kwa kanuni hiyo Wanderers waliingia fainali ya 1873 bila kutoa jasho, wakacheza Lillie Bridge na kuifunga Oxford University mabao 2-0. Kanuni iliyoandikwa na kamati ya Alcock iliinufaisha klabu ya Alcock. Iliondolewa baada ya msimu huo, na tangu hapo bingwa akaanza chini kama wengine.

Ninachoomba ukiweke kwenye mizani upande wa pili ni mambo mawili. La kwanza, mwaka 1878 Wanderers walitwaa kombe kwa mara ya tatu mfululizo, na kwa taratibu zilizokuwapo lilikuwa mali yao milele. Walilirudisha FA kwa sharti kwamba pasiwe na klabu itakayolimiliki moja kwa moja. Lingebaki kwenye kabati la Wanderers, lingepotea pamoja na klabu yenyewe, kwa kuwa mara ya mwisho walicheza mashindano hayo msimu wa 1879–80. La pili, Oval. FA haikuwa na uwanja, na katibu wa Surrey aliyeruhusu mpira wa miguu kuchezwa kwenye nyasi za kriketi wakati wa baridi, kazi ambayo wanachama wengi wa klabu ya kriketi wasingeipenda, aliipatia FA mahali pa uhakika. Fainali zilichezwa pale mwaka 1872, kisha kila mwaka kuanzia 1874 hadi 1892. Mechi ya kwanza ya mchezo wa raga ya England kwenye ardhi yake ilichezwa hapo pia, Februari 1872. Septemba 1880 ikachezwa hapo mechi ya kwanza ya Test ya kriketi, yaani mechi ya mataifa ya siku kadhaa, kwenye ardhi ya Uingereza, England dhidi ya Australia, ambayo W. G. Grace wa England alipata mikimbio 152, na aliyewezesha mechi hiyo ikaandaliwa ni huyu huyu Alcock.

Sikatai kwamba kwa kanuni za leo angelazimika kuachia kofia mbili au tatu. Ninakataa tu kumsoma mwaka 1872 kana kwamba palikuwa na foleni ya watu waliotaka kazi hizo naye akawazuia. Watu waliokuwa tayari kufanya kazi ya ofisi bila malipo walikuwa wachache sana.

MCHANGIAJI WA TATU

Mkuu, uliahidi mwanzoni habari za wachezaji wa kulipwa, nami ndiyo ninayoisubiri. Nilidhani watu wa tabaka lake ndio waliopinga malipo kwa nguvu zote. Ilikuwaje yeye akawa upande wa pili?

MLETA UZI

Hapa ndipo nilipotaka tufike, na naomba nieleze bila haraka.

Miaka ya 1870 kombe lilikuwa la klabu za kusini: Wanderers, Royal Engineers, Oxford University, na Old Etonians, yaani klabu ya waliosoma Eton. Kaskazini, hasa Lancashire, mpira ulikuwa umeingia kwenye miji ya viwanda vya nguo, na huko mchezaji alikuwa mfumaji au fundi aliyekatwa ujira kila alipokosa zamu. Klabu zilianza kumfidia. Kisha zikaanza kuwaita wachezaji mahiri kutoka Scotland, wakatafutiwa kazi mjini, na wengine wakakabidhiwa fedha kwa siri. FA ilikataza malipo, kwa hiyo vitabu vya hesabu vya klabu vilijaa uongo ambao kila mtu aliujua. Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu yenye wafanyakazi wa viwandani ndani yake, iliifunga Old Etonians 2-1 kwenye fainali ya Oval. Baada ya siku hiyo hakuna klabu ya wanafunzi wa zamani wa shule kubwa iliyofika tena fainali.

Januari 1884 Preston North End walitoka sare na Upton Park ya London kwenye Kombe la FA, na Upton Park wakapeleka pingamizi. Kiongozi wa Preston, William Sudell, hakukanusha. Alieleza wazi jinsi wachezaji wake walivyopatikana na kutunzwa, na kwamba klabu nyingine zilifanya vivyo hivyo. Preston wakaondolewa kwenye mashindano. Wengi kwenye kamati waliona kazi imekwisha: sheria imevunjwa, mkosaji ameadhibiwa. Alcock aliona tofauti. Mwaka huo huo alianza kusukuma hoja kwamba malipo yahalalishwe chini ya masharti makali, kwa sababu katazo lisilotekelezeka lilikuwa linamwadhibu aliyesema kweli na kumwacha anayeficha.

Tukumbuke alikuwa amekaa Surrey kwa miaka 12. Kwenye kriketi, mchezaji wa kulipwa na mchezaji wa ridhaa walikuwa wakicheza timu moja kwa muda mrefu, kila mmoja hadhi yake ikijulikana, na mchezo haukufa. Yeye ndiye aliyewaajiri na kuwalipa wachezaji wa Surrey, hivyo alipozungumza juu ya mtu anayeishi kwa mchezo alikuwa anamzungumzia mtu anayemfahamu. Wapinzani wake wakubwa walikuwa viongozi wa Birmingham na Sheffield pamoja na Waskoti, walioamini kwamba fedha zitaharibu mpira na kwamba klabu tajiri itanunua kila mchezaji mzuri. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Alcock aliwajibu kwamba wachezaji wa kulipwa ni hitaji la mchezo unaokua na akakataa waonwe kama watu waliotengwa na jamii.

Hoja ilikataliwa. Ikaletwa tena, ikapata kura nyingi lakini si theluthi mbili zilizotakiwa. Vuli ya 1884 klabu za Lancashire zilitishia kujitenga na kuunda chama chao, British Football Association, na wakati huo mgawanyiko wa kweli ulikuwa umekaribia. Tarehe 20 Julai 1885, katika hoteli ya Anderton iliyokuwa mtaa wa Fleet, London, malipo yakahalalishwa. Tazameni tarehe: miaka 14 kamili, siku kwa siku, tangu hoja ya Kombe.

Masharti yalikuwa magumu. Ili acheze mechi za Kombe, mchezaji wa kulipwa alitakiwa awe amezaliwa au ameishi kwa miaka miwili ndani ya maili sita kutoka makao ya klabu. Hakuruhusiwa kukaa kwenye kamati ya FA wala kuiwakilisha klabu yake kwenye mkutano. Naliona sharti hili la mwisho kuwa la aibu, na Alcock alikubali kuishi nalo, kwa hiyo simpambi zaidi ya alivyokuwa. Alimfungulia mfumaji wa Blackburn mlango wa uwanja. Mlango wa chumba cha maamuzi ulibaki umefungwa.

MCHANGIAJI WA PILI

Hapo nimekuelewa vizuri, ndugu yangu. Ila ligi? Umemsifu kwa Kombe, kwa mechi za mataifa na kwa malipo, lakini kitu kinachobeba soka la Uingereza hadi leo ni ligi.

MLETA UZI

Ligi si yake, na sitampa. Ligi ilitoka kwa William McGregor wa Aston Villa, mwaka 1888, ikiwa na klabu 12, zote za kati na kaskazini mwa nchi. Ilizaliwa kutokana na mahesabu ya kila wiki: ukishawalipa wachezaji unahitaji mechi za uhakika zinazoingiza fedha, wakati Kombe lingeweza kukutoa raundi ya kwanza ukabaki na msimu mtupu. Kwa maana hiyo uamuzi wa 1885 ulikuwa sharti lake la kwanza, lakini wazo na kazi ni vya McGregor na wenzake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Tumalizie basi, Mkuu. Aliondokaje FA, na lile kombe la pauni 20 liko wapi sasa?

MLETA UZI

Vyote viwili viliondoka mwaka mmoja, 1895.

Aston Villa walikuwa wamelitwaa kombe mwaka huo, wakalikabidhi kwa mwenye duka la vifaa vya michezo mjini Birmingham aliweke dirishani. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba liliibwa na halikupatikana tena. Villa wakatozwa faini ya pauni 25, zaidi ya bei ambayo kamati ya Alcock ilililipia, na likatengenezwa jingine la mfano ule ule.

Alcock aliachia ukatibu wa FA mwaka huo na nafasi yake ikachukuliwa na Frederick Wall. Alifanywa mmoja wa makamu wa rais wa chama, akaendelea kuhariri jarida la kriketi aliloanza nalo mwaka 1882, na akaendelea kwenda ofisini kwake Oval. Fainali ilikuwa imeshahama pale, kwa sababu watu zaidi ya 30,000 waliokuja mwaka 1892 walikuwa wengi kuliko uwanja wa kriketi ulivyoweza kubeba. Aliishi akaona fainali ya 1901 ya Tottenham Hotspur na Sheffield United pale Crystal Palace, iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 110,000. Alifariki Brighton tarehe 26 Februari 1907, akiwa bado katibu wa Surrey, akazikwa kwenye makaburi ya West Norwood, kusini mwa London, maili chache tu kutoka Oval.